Mke wa Mugenzi Hakuja Masaka

Nyamirambo, 11 Mei 2025

Dada Joselyne,

Kama katika Kigali hii yuko mtu mwenye bahati kunishinda mimi, mlete hapa Nyamirambo nimtazame usoni. Matajiri wana magorofa, sawa, wakae nayo. Mimi nina Gwiza. Lori liliponilalia pale mteremko wa Rusumo watu walisema limeondoka na kiuno changu na kila kilichokuwa chini yake. Waongo wakubwa! Limechukua miguu tu, na miguu yenyewe ilikuwa imekwisha kutembea vya kutosha: Dar, Mombasa, Lubumbashi, Juba, kote huko nimekula, nimelala, nimegombana na askari. Lakini kitandani, dada yangu, sasa ndiyo nimekuwa dereva kweli. Zamani nilikuwa mtu wa haraka, kama ninawahi mizani isifungwe. Siku hizi naendesha polepole, natazama njia, na asubuhi Gwiza anafagia huku anaimba mpaka jirani anauliza kwenu kuna harusi gani.

Kwa hiyo lile swali lako la kwenye kikaratasi, eti "watu kama sisi, mlango ukishafungwa, inawezekana?", nalijibu hivi: inawezekana mpaka inachosha.

Umefanya vizuri kuandika. Najua hapo kwenu simu ni ya kaka yako Silvère, na ujumbe wa sauti ukifunguliwa unasikiwa na mama, na mke wa Silvère, na mbuzi. Karatasi haipigi kelele. Béatha, huyu jirani yangu anayeuza nyuzi, atakubebea barua kila anapokuja kukuletea mzigo wako wa kushonea. Mwandiko wangu uvumilie tu. Shule niliiacha darasa la sita kule Ngara nikadandia lori, na Kinyarwanda cha kuandika kinanishinda. Wewe mtoto wa Buyenzi kule Bujumbura, Kiswahili chako kimenyooka kuliko changu, usinicheke.

Ningekuja mwenyewe. Lakini kutoka hapa mpaka Masaka, papa hapa Kigali, ambako mwenye miguu anapanda moto, pikipiki ya abiria, moja tu akafika, kwangu mimi ni safari ya Dar. Moto haibebi kiti cha magurudumu, na dereva wa basi anakitazama kiti changu kama ninapanda na jeneza.

Unakumbuka kwenye ile karakana ya viungo bandia? Wewe unangoja chuma cha mguu wako kichomelewe, mimi najifunza kugeuza kiti, nikaanguka kifudifudi mbele ya watu wote. Wote wakasema "maskini!" Wewe peke yako ukacheka. Siku ile nikasema moyoni, huyu ni dada yangu.

Sasa huyo fundi wa kujenga, Aimable, aliyekuja kukuomba uchumba mchana kweupe, mwambie ndiyo. Usizungushe.

Ndugu yako,
Mugenzi Salvator
dereva aliyestaafu, mwanamume ambaye bado


Masaka, 19 Mei 2025

Kaka Mugenzi,

Barua yako nimeisomea chooni, kwa sababu ndipo pekee penye komeo. Nimecheka mpaka mke wa Silvère akagonga, akidhani nimeanguka. Watu wa nyumba hii wakinisikia nacheka wanadhani nimeanguka.

Nimemwambia Aimable ndiyo. Nimekusikiliza. Halafu nikaingia nyumbani na habari yangu, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Dada yangu Lillian alipoolewa, Silvère aliomba ng'ombe kama anadai mpaka wa nchi. Alitaka awe na pembe ndefu, awe na mimba, aletwe na wimbo. Jana kanikalisha mbele ya mama, akasema, "Wewe tusitaje ng'ombe. Mtu akikupokea mzigo njiani, Joselyne, unamdai tena?" Nikamtazama mama. Mama akatazama ungo wake.

Mzigo! Unga wanaokula nanunua mimi. Kila bibi harusi wa Masaka anayevaa vazi la umushanana mabegani, mapambo nimemshonea mimi kwa vidole hivi. Miaka yote nafunga vifungo vya maharusi. Yangu ikifika, nitolewe kama kuku aliyevunjika mguu, anayepewa jirani ili asife bure.

Hilo nalo si baya kuliko la pili. Wewe unajua desturi yetu, mama haongei na binti mambo ya ndani, ni kazi ya shangazi, dada wa baba. Kule Buyenzi shangazi alikuwa anawaita wasichana wakifika umri. Akamwita Lillian. Akawaita binamu zetu. Wanaingia wanaogopa, wanatoka wamefunika midomo wanacheka, na kwa wiki nzima wanatazamana na kucheka tena. Mimi nilipewa maharage nichambue. Nikajua zamu yangu bado. Nikangoja mwaka ule, na mwingine, nikaacha kungoja.

Sasa nina miaka thelathini na nne na nimeposwa. Nikafunga chuma changu nikamfuata shangazi mwenyewe anakokaa sasa, Kicukiro. Nikamwambia, shangazi, nimekuja kufundishwa. Akanishika shavu. Akasema, "Mwanangu, huyo anakuchukua kwa moyo wake mzuri. Hayo mengine wewe usijisumbue."

Kaka, sikulia. Nilitamani kumpiga kwa gongo langu la kutembelea.

Usidhani sijui mwanamume. Wamekuja. Wanakuja bila salamu, wanataka nizime taa, wanataka nisimwambie mtu, wakiondoka wanachungulia njia kama wezi wa kuku. Hao hawakufundishi kitu. Na kesho yake wakikukuta sokoni wanakuamkia "shikamoo mama" na wao ni wakubwa kwako.

Nakuomba mawili. Gusaba yangu, siku watu wa Aimable wanakuja kuniomba, ni Jumamosi ya tarehe 2 Agosti. Uwe msemaji wa upande wetu. Wewe una mdomo, uombe ng'ombe wangu mbele ya watu. La pili ndilo kubwa. Niazime Gwiza. Analala na mtu mwenye mwili kama wetu, anajua mguu usiokunjika unawekwa wapi, anajua mtu anaanza vipi bila kuona aibu. Awe shangazi yangu mchana mmoja tu. Umushanana nitamshonea mimi, na sitaki kitu.

Dada yako,
Joselyne


Nyamirambo, 26 Mei 2025

Sha, dada Joselyne,

Mzigo? Mzigo? Mwambie huyo Silvère kwamba katika nchi hii hakuna mtu anayejua mizigo kunishinda. Nimebeba saruji, mchele, mitumba, nimebeba majokofu ya mbunge wa nchi nisiyoitaja. Sijawahi kubeba mzigo unaomnunulia dereva unga. Siku nikiupata nitauoa mwenyewe.

Nimesoma barua yako nikazunguka na kiti chumbani mpaka nikagonga meza na chai ikamwagika. Eti "usijisumbue"! Shangazi gani huyo? Wamekukata mwili shingoni, kichwa wamekiachia macho ya kushonea, kilichobaki wakasema si kazi yake. Nawajua hao. Wapo wengi, na wanasali.

Nitakuja. Tena sitangoja Agosti. Jumamosi ya tarehe 14 Juni kuna mtu wa kabichi anakwenda Masaka na pikapu yake, atanipakia mimi na kiti changu juu ya magunia, nije nizungumze na Silvère ana kwa ana. Usemaji ni kazi yangu. Umesahau nani alikuwa msemaji wa gusaba zote za mtaa huu? Nimewaombea watu mabibi mpaka familia nyingine zilitaka kuwatoa na bibi zao wazee. Tangu nipate kiti hawaniiti tena, eti msemaji lazima asimame wazee wanapopewa heshima. Eti nitaleta mkosi, bwana harusi ataanza ndoa akiwa ameniona. Mwaka jana alinifuata mtu na tai yake akaniomba nimwandikie maneno, ayaseme yeye. Nilimwandikia. Nilimwandikia matusi ya Kilingala, akayasoma mbele ya wakwe. Sijui kama alioa.

Gwiza amekwenda Ngara, mama yangu anaumwa mgongo, anamuuguza. Akirudi tutaona.

Mugenzi
msemaji wako


Nyamirambo, 15 Juni 2025

Joselyne,

Jana walikuficha jikoni kama desturi inavyotaka, kwa hiyo nakuandikia yaliyosemwa sebuleni, usije ukaletewa ya Silvère peke yake.

Kwanza wanaume wanne walininyanyua kizingitini. Hakuna aliyeniuliza. Mmoja anasema "shika kwapa," mwingine anasema "shika hilo paja halina kitu." Paja langu! Limetoka na mimi tumboni mwa mama. Wakanitua kama gunia la viazi na mmoja akajifuta mikono.

Nikamsalimu Silvère kwa heshima zote, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wa dada yetu. Akanipa mgongo. Aliwaambia wenziwe, "Tulimwambia Joselyne atafute msemaji, ametuletea nusu."

Wakacheka. Nikasema, "Nusu hii inakutosha, bwana, na chenji utabaki unadaiwa."

"Mgonjwa kamtuma mgonjwa mwenzake," akasema Silvère.

"Mimi siumwi. Wewe ndiye unaumwa, tena ugonjwa wako hauna kiti cha kuukalia."

Hapo akakasirika. Akaniinamia hivi, akasema, "Mugenzi, wewe unakuja kunifundisha ndoa? Mkeo yuko wapi? Mbona hatujamwona hata siku moja? Au unalala na hicho kiti?"

Mama yako akasema "Silvère!" kwa sauti ndogo. Nami nikamwambia hivi, uandike ukutani: "Mke wangu yuko nyumbani amelala. Nimemwacha hoi. Wako mbona yuko macho mapema hivi anachota maji?"

Umesikia kicheko? Mke wa Silvère ndiye aliyecheka zaidi, akamwaga jagi. Mama yako alijifunika kitenge usoni lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Sasa huyo Aimable wako. Kumbe alikuwa mlangoni muda wote, viatu vina saruji, ametoka kwenye ukuta anaoujenga ng'ambo ya barabara. Sikumjua. Aliingia, akavua kofia, akasema, "Ng'ombe nitaleta. Mimi sikuomba kupunguziwa." Basi. Akavaa kofia akarudi kwenye ukuta wake. Joselyne, nimekutana na wanaume bandarini wenye shingo kama nguzo, hawana sentensi moja kama ile.

Silvère kameza. Ng'ombe wako yuko njiani. Nimeshinda, na bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani zaidi.

Mugenzi


Masaka, 17 Juni 2025

Kaka Mugenzi,

Ahsante kwa ng'ombe. Nasema kwanza hilo, lisije likapotea kwenye haya yanayofuata.

Jikoni nilisikia yote. Ukuta wetu ni wa udongo. Nilisikia ukisema mke wako yuko nyumbani amelala, nikacheka na mimi, nikajivunia, nikasema huyo ndiye kaka yangu. Nimelala, nikaamka, ndipo nikakumbuka. Wewe uliniandikia Gwiza yuko Ngara.

Basi yupo. Yupo Nyamirambo, mzima, na hakutaka kuja Masaka. Na wewe ukaona afadhali umpeleke Ngara kwa kalamu kuliko kuniambia.

Bado nikajisemea labda nimekosea. Béatha alipokuja na nyuzi nikamuuliza wazi, "Béatha, wewe ni jirani yao. Gwiza ananidharau?" Alifunga mfuko wake wa nyuzi, akaufunga tena, akasema, "Muulize mwenyewe Mugenzi." Hakunitazama. Béatha ambaye anaongea mpaka na vifungo! Nikajua.

Shangazi namvumilia, ni mzee, anarudia ya wazee wake. Silvère ni Silvère. Lakini Gwiza si mgeni wa mwili kama wetu. Yeye anaufahamu kwa mikono yake. Kama hata yeye, akiambiwa kuna mwanamke mwenye mguu wa chuma anataka kufundishwa, anaona ni kupoteza mchana wake, basi kuna kitu wote mnakijua na mimi sikijui. Kwa mwanamume inawezekana, siyo? Mwanamume akivunjika bado ni mwanamume, atapata wa kumgeuza na kumwosha na kuimba akifagia. Mwanamke akivunjika anapewa maharage.

Na Aimable naye atakijua, wiki ya kwanza tu, mlango ukishafungwa. Sitaki kuwa pale siku atakapokijua. Namjua mimi, hatanifukuza. Atanihurumia. Afadhali wale wezi wa kuku.

Nawaza kumwambia asilete watu wake.

Joselyne


Nyamirambo, 22 Juni 2025

Wewe Joselyne!

Una wazimu? Mwanamume anasimama mbele ya nyumba nzima anasema sikuomba kupunguziwa, na wewe unataka kumrudisha kwa sababu ya mwanamke ambaye hujamwona hata kisigino? Mimi nimelala juu ya kabichi kwa ajili yako! Mpaka leo natoa majani kwenye breki za kiti!

Haya, sikiliza. Gwiza alikuwa Ngara kweli, akarudi ghafla, akawa amechoka na safari, ndiyo maana amelala. Umeridhika? Nimemsomea barua yako. Amesikitika sana. Anakusalimu. Hawezi kuja kwa sasa, ana kazi nyingi, lakini amesema nikuandikie maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyatamka:

"Mdogo wangu Joselyne, mambo ya kitanda ni kama kupanda mlima na mzigo. Usiingie na gia kubwa. Anza na ndogo, sikiliza injini. Ukiona inakwama usikanyage mafuta kwa hasira, rudi nyuma kidogo, tafuta njia. Mwambie mwenzio kona iko wapi kabla hajaifikia. Na taa usizime, taa ndiyo usalama."

Umeona? Hayo ni maneno ya mwanamke mwenye uzoefu. Hakukudharau hata kidogo. Sasa futa ujinga huo kichwani, kashone umushanana wako mwenyewe kwa mara moja, acha wa watu.

Mugenzi, na Gwiza naye


Masaka, 29 Juni 2025

Mugenzi,

Maneno ya mke wako yananuka dizeli.

Usinifanye mtoto. Mwanamke hawezi kumwambia mwanamke mwenzake kitandani kuna gia. Umeyaandika wewe, ukaweka jina lake, kwa sababu yeye hakuwa na hata neno moja la kunitumia. Hata tusi. Tusi ningelipokea, tusi ni la mtu unayemwona.

Nimemwambia Aimable. Alikuja mchana, kama anavyokuja siku zote, akakaa kwenye benchi nje ambapo barabara nzima inamwona. Nikamwambia asilete watu wake. Akauliza kama ni ng'ombe. Nikasema si ng'ombe. Akauliza kama ni yeye. Nikasema si wewe, ni mimi, utanijutia. Aliinama akaokota jiwe dogo, akawa analigeuza, akasema, "Nijute nini, Joselyne? Niambie kitu chenyewe nikijue." Sikuweza kumwambia. Ningesema nini? Kwamba nimeomba kufundishwa nikanyimwa mara mbili? Mama alikuwa dirishani.

Amesema anakwenda kwao, atarudi Jumapili tarehe 6 kupata jibu la mwisho, kwa sababu wazee wake wanatoka mbali na hawezi kuwafungisha safari kisha awazuie. Ana haki. Jibu langu ni hapana. Nimeshalipanga mdomoni, lina neno moja, halitanichosha.

Wewe na Gwiza wako kaeni na bahati yenu. Mmejaa tele, na mimi niliomba mchana mmoja tu. Mungu awabariki huko mlikolala.

Usiniandikie tena ya kuchekesha. Sina nguvu ya kucheka.

Joselyne Mukamana


Nyamirambo, 3 Julai 2025

Joselyne,

Béatha nimemwambia asiuze kitu leo mpaka karatasi hii ifike mkononi mwako. Kanitazama, kasema, "Hatimaye." Usome mpaka mwisho, halafu uitupe chooni au umpe Silvère aisome kwa sauti, sitalalamika.

Gwiza hajawahi kulisikia jina lako. Hajakudharau. Hajakataa kuja Masaka. Hakuna aliyemwomba. Gwiza hayuko Ngara, hayuko Nyamirambo, yuko Rwamagana kwa dada yake, na aliondoka kabla wewe na mimi hatujaanza hata kuandikiana.

Usianze kumlaumu. Nilimlaumu mimi vya kutosha, wewe pumzika. Hakukimbia miguu. Hospitali daktari aliniuliza kila kitu, choo changu, mkojo wangu, vidonda vya kukalia. Anafunua, anaandika. Nikamuuliza, daktari, na mke wangu je? Hakunitazama mimi, alimtazama Gwiza, akamwambia, "Mama, shukuru Mungu yuko hai." Tukatoka na mfuko wa bendeji. Natamani nirudi leo nimwambie, kuwa hai kwenyewe ndiko ninakokuuliza, mjinga wewe! Lakini siku ile nilicheka. Nilimwambia Gwiza njiani kwamba sasa nitakuwa padri.

Gwiza alijaribu. Nasema hili na uso unaniwaka. Aliweka mkono, nami nikawa siusikii mahali nilipozoea kuusikia, ila nausikia pengine, shingoni, nyuma ya sikio, mahali ambapo maisha yangu yote sikujua kama ni pangu. Nikaona aibu. Mimi Mugenzi wa Mombasa na Juba, nisisimke shingo kama msichana! Nikauondoa mkono wake. Akauliza, "Inauma?" Nikafanya mzaha. Kesho yake akauliza, nikafanya mzaha mwingine. Nilikuwa na mzaha wa kila siku, Joselyne, nilimzungushia mizaha kama seng'enge, hakupata pa kuingilia. Nikamhamishia kitanda chumba cha mbele, nikasema anakoroma. Hakoromi.

Siku moja nilimwambia, tena mbele ya Béatha, "Nenda katafute mwanamume mzima, mimi nikupe nauli." Nikacheka. Béatha hakucheka. Gwiza aliuliza, "Umemaliza?" Akakunja nguo zake. Ndiyo maana ulipomuuliza Béatha alifunga mfuko mara mbili. Alikuwa ananifichia siri mimi, si kukudharau wewe.

Basi yule mwanamke aliyekunyima hayupo. Ni mimi nilimtengeneza. Shangazi yako alikunyima kwa ujinga, mimi nilikunyima kwa majivuno, na langu ni baya zaidi kwa sababu wewe uliniuliza ukiwa umeniamini. Ulitaka kujua kama inawezekana. Jibu la kweli ni kwamba sijui, kwa sababu aliyetaka tujue pamoja nilimfungia mlango. Alitaka aambiwe tu kitu chenyewe. Kama huyo wa kwako na jiwe lake.

Jumapili ukitaka kumkataa Aimable, mkatae. Uwe na sababu zako, mbaya au nzuri, ziwe zako. Usimkatae kwa uongo wangu. Na lile ulilotaka kumuuliza Gwiza, muulize Aimable. Mguu huu unauweka wapi, taa tunaiacha, naona aibu, naanza vipi. Aone haya, na wewe uone haya, mkae hapo mmeona haya wote wawili. Mimi sina somo jingine, na hilo lenyewe nimelipata kwa kufeli.

Tarehe 2 Agosti ukinihitaji nitakuja, hata juu ya kabichi. Ukisema hutaki msemaji mwongo, hiyo nayo ni haki.

Najua nilivyokuandikia mwezi wa Mei, kwamba hakuna mwenye bahati kunishinda. Sina mke. Tangu nilipouondoa mkono wa Gwiza sijamgusa mtu wala kuguswa. Nilikudanganya.

Mugenzi